Dashibodi ya Corolla KE70 ndani ya Morris Minor ya 1963: naomba ushauri kabla sijakata chuma

Mjukuu_wa_Karani aliandika:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninaandika kutoka Makorora, Tanga mjini, nikiwa na jambo moja lililonikwamisha kwa wiki tatu sasa, na kwa kuwa penye wazee haliharibiki neno, nimeona nililete hapa kabla sijashika grinda.

Ninayo Morris Minor ya mwaka 1963, ya milango miwili, iliyokuwa ya marehemu babu yangu ambaye alikuwa karani katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Gari lilikaa chini ya mwembe kwa miaka mingi, na nilipokuja kulichukua, injini yake ya asili ya cc 1098 ilikuwa imeganda kabisa, maji yameingia hadi ndani ya silinda. Nikanunua Toyota Corolla KE70 iliyogongwa ubavuni, nikatoa injini yake ya 4K ya cc 1290 pamoja na gia boksi la gia 5, na baada ya miezi minne ya kuchomelea na kurekebisha vishikio, injini hiyo imekaa na gari linatembea. Najua wapo watakaosikitika kwamba sikuifufua injini ya awali. Nawaelewa, lakini ninataka gari la kuendea kazini kila siku na la kupandisha Lushoto kwa wakwe zangu, si la kufunika turubai. Wamarekani wana desturi ndefu ya kutia injini za baadaye katika mabodi ya zamani, na magari hayo huyaita hoti rodi. Nami nimefanya hivyo kwa kadiri ya mfuko wangu.

Kilichobaki ni dashibodi. Wanaoijua Morris wanafahamu kwamba ina mita moja tu kubwa ya duara, katikati kabisa, inayoonyesha mwendo kwa maili, na geji ndogo ya mafuta imewekwa ndani ya uso uleule. Geji ya joto la injini haipo. Kwa joto la Tanga, na kwa injini ambayo rejeta yake nimeibuni mwenyewe, siwezi kuendesha bila kujua maji yana hali gani. Isitoshe, vibao vyetu vya barabarani ni vya kilomita, na nimechoka kupiga hesabu ya maili kila ninapoona kibao cha 50.

Dashibodi nzima ya ile Corolla ninayo, iko salama, haina ufa hata mmoja. Nimeipima, inazidi upana wa ndani wa Morris kwa sentimita 11. Je, niikate katikati na kuiunga, au nilikate bamba la chuma la Morris ili nipate nafasi ya kuisukuma mbele? Na wayaringi yake, nikishachomeka soketi zake, geji zitasoma sawa au kuna mengine ya kuangalia?

Mpenda_Vya_Kale aliandika:

Ndugu yangu, hongera kwa kuliokoa gari la babu yako. Nina ombi moja tu: ile mita ya katikati usiitupe wala usiiuze. Iache mahali pake hata kama haitafanya kazi, kwa sababu sura ya Morris kwa ndani ni ile duara, na mtoto wako atakapokuja kuuliza babu mkubwa aliendesha nini, utakuwa na kitu cha kumwonyesha kwa kidole. Mengine nawaachia mafundi.

Fundi_Umeme_Ngamiani aliandika:

Swali la upana nitawaachia watu wa bodi. Mimi nitalijibu lile la mwisho, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi: plastiki ikishakaa vizuri mtu hudhani kazi imekwisha, kumbe geji zinasema uongo.

Jambo la kwanza ni betri. Morris Minor ilitoka kiwandani ikiwa na dainamo, na waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Toyota yako ni kinyume chake, hasi ndiyo iliyo kwenye bodi. Kwa kuwa umeweka injini ya Toyota, bila shaka unatumia na alternita yake, yaani mtambo wa kuchaji betri, na alternita ukiifunga kinyume utaziua dayodi zake kwa sekunde moja. Hakikisha kwa macho yako mwenyewe kwamba gari zima sasa ni la hasi kwenye bodi. Taa na honi hazijali. Mota ya waipa ya Morris nayo haijali, kwa kuwa haina sumaku ya kudumu ndani yake bali koili, hivyo itazunguka upande uleule. Radio na kitu chochote chenye elektroniki kinajali sana.

Usijaribu kuunga soketi za Toyota kwenye waya za zamani za Morris. Zile zimefunikwa kwa uzi, na kwa umri huo uzi huvunjika kama majani makavu ukiupinda. Tena gari zima la Morris lina fyuzi 2 tu, na taa kubwa hazipiti katika fyuzi yoyote. Chukua wayaringi nzima ya Corolla pamoja na kisanduku chake cha fyuzi, uilaze ndani ya Morris bila kuikata, kisha ufupishe pale tu ambapo umehakikisha kwamba waya umezidi.

Sasa tuje kwenye geji. Geji ya joto ya KE70 na sensa iliyo kwenye injini yako ya 4K ni ndugu wa tumbo moja, zitaelewana. Geji ya mafuta ndiyo yenye kazi, kwa sababu tangi bado ni la Morris. Geji hii haipimi mafuta yenyewe. Inapima ukinzani wa umeme unaotoka kwenye floti ya tangi, yaani kile kielea kinachopanda na kushuka na mafuta. Kwa Toyota za wakati ule, tangi likijaa floti hutoa takriban ohmu 3, na likiwa tupu takriban ohmu 110. Floti ya Morris haikutengenezwa kwa namba hizo, na ukiiunga na geji ya Corolla unaweza kujikuta barabarani bila mafuta huku mshale unakuonyesha robo. Chukua floti ya tangi la Corolla, uipandikize kwenye tangi la Morris. Tangi lako ni bapa, la lita zipatazo 29, na lile la Corolla ni lenye kina zaidi, kwa hiyo mkono wa floti itabidi uukunje upya ili uende kutoka mwisho hadi mwisho ndani ya kina hicho kifupi. Ifanye kazi hiyo mezani: weka rula wima kando yake, unganisha mita ya umeme, sogeza floti sentimita moja moja na uandike ohmu unazozipata, ndipo uirudishe kwenye tangi.

La tatu, na hili nimeliona likiwatesa hata mafundi wazoefu: usije ukashawishika kuzitoa geji mojamoja na kuzipanga upya kwenye bamba la kujitengenezea. Katika makasha mengi ya geji za Toyota za miaka ile, ndani ya geji ya mafuta mna kidhibiti kidogo kinachoshusha umeme hadi takriban volti 7, na geji ya joto inategemea umeme uleule ulioshushwa. Ukiitoa geji ya joto peke yake na kuipa volti 12 moja kwa moja, itasoma juu mno na mwisho itaungua. Kasha liende zima kama lilivyo.

La nne, taa ya betri katika kasha hilo si pambo. Umeme unaopita katika balbu hiyo unashiriki kuiamsha alternita, kwa hiyo ikiwa balbu imekufa au waya wake umesahauliwa, alternita inaweza isichaji hata kama ni nzima.

Nimebakiza ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, nami nitaieleza kwa yaliyonikuta. Niliwahi kuweka kasha la geji la Toyota katika gari langu mwenyewe la zamani, nikalijaribu mchana kutwa na kila kitu kikawa sawa. Jioni nikatoka kuelekea Pangani. Giza lilipoingia nikawasha taa, na palepale mshale wa joto ukaanza kupanda, taratibu, hadi ukagusa mstari mwekundu. Nikasimama kando ya barabara, nikafungua boneti kwa hofu: rejeta haina mvuke, hozi ni za joto la kawaida, maji yapo. Nikarudi ndani, nikazima taa, mshale ukashuka. Nikawasha, ukapanda. Ndipo nikaelewa kwamba kasha limefungwa kwenye plastiki, halishiki bodi popote, na umeme wa balbu za kumulikia mita ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kupitia geji ya joto. Katika gari la asili kuna waya mweusi unaokwenda kwenye bodi nyuma ya dashibodi, nami niliuacha ukining'inia. Wewe uufunge waya huo kwenye chuma kitupu, kilichosafishwa rangi kwa msasa, kwa bolti yake yenyewe, tena uongeze wa pili kutoka kwenye kasha hadi kwenye injini.

Nyuma ya kasha utakuta karatasi nyembamba ya plastiki yenye njia za shaba. Kwa hewa yetu ya chumvi njia hizo huwa na ukungu wa kijani. Zisafishe kwa kifutio cha penseli, usitumie msasa wala steliwaya, kwa sababu shaba yenyewe ni nyembamba na ikishatoka haina marekebisho ya maana.

Binti_wa_Gereji aliandika:

Habari yako kaka. Mimi ni fundi bodi, nimejifunzia kazi kwa baba yangu Chumbageni, na Morris nimeshazigusa tatu.

Kwanza nikuombe uiweke grinda chini. Morris Minor haina chasi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari. Lile bamba la chuma lililo chini ya kioo cha mbele limeshikana na bodi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ukilikata lote ili usukume plastiki ya Corolla mbele, utakuwa umeondoa chuma kinachosaidia kuzizuia nguzo mbili za milango zisicheze. Hutaona tofauti siku hiyo. Utaiona baada ya miezi kadhaa katika barabara mbovu, mlango utakapoanza kugoma kufunga, au kioo cha mbele kitakapopasuka pembeni bila kugongwa na jiwe.

Kuhusu kuifupisha dashibodi ya Corolla kwa sentimita 11, inawezekana, lakini sikushauri. Niliwahi kumfanyia mteja mmoja kazi ya namna hiyo kwenye gari jingine: nilikata upande wa abiria, nikaunga kwa faibaglasi kutoka nyuma, nikajaza pati, nikapaka rangi, na siku ya kukabidhi nilijisifu moyoni. Msimu wa kaskazi ulipoingia, gari likawa linashinda juani, plastiki ikavimba na kusinyaa kila siku, na ile unganisho ikafunguka kama mstari wa kalamu. Nilimrudishia fedha zake nusu kwa sababu niliona aibu. Plastiki ya zamani iliyokwisha kukauka haishikani vizuri na faibaglasi, na jua la hapa kwetu halina huruma nayo.

Sasa angalia jinsi Morris ilivyo. Kuanzia mwishoni mwa 1954, mita ilipohamishiwa katikati, pande zote mbili zina visanduku vya kuwekea vitu. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, mbele ya dereva tayari pana tundu lililokatwa na kiwanda chenyewe, nyuma ya usukani, mahali ambapo macho yako yanaangukia. Acha dashibodi ya Corolla, chukua kasha la geji na kivuli chake tu, ulitie hapo. Sanduku la ndani litoke ili kasha na kebo ya spidomita vipate nafasi ya kwenda nyuma.

Namna ya kufanya ni hii. Kata kadibodi ya boksi lolote, iwe na umbo la uso wa chuma upande wa dereva, uchore juu yake mzunguko wa kasha. Ibandike mahali pake kwa gundi ya karatasi. Kisha kaa kwenye kiti kama unavyokaa ukiendesha, siyo kwa kuinama, mikono ikiwa kwenye usukani, na utazame. Usukani wa Morris ni mkubwa na mwembamba, na mkono wake mmoja unaweza kukufunika sehemu ileile ya mita unayoihitaji, yaani kati ya 40 na 60. Isogeze kadibodi juu au chini mpaka uione mishale yote miwili na sehemu hiyo bila kunyoosha shingo. Mpe na mtu mwingine wa nyumbani atakayeliendesha akae naye aone, maana urefu wa watu hutofautiana.

Ukisharidhika, hamishia umbo hilo kwenye bamba la alumini la milimita 2. Bamba hilo ndilo litakalobeba kasha, nalo lifungwe kwa skrubu kuzunguka tundu la zamani, ili siku ukitaka kulirudisha gari katika hali ya asili ulifungue na kulitoa. Ikiwa kasha litazidi tundu, panua tundu kidogo kwa msumeno wa mkono, ila ukingo wa juu na wa chini wa chuma uache, usiufikie. Mahali popote utakapokata, paka praima siku hiyohiyo. Nasema siku hiyohiyo kwa sababu hapa Tanga ukiacha chuma kitupu usiku mmoja, asubuhi kimeshabadilika rangi. Kingo za alumini zilizo karibu na magoti zikunje kwenda ndani, zisiachwe kama wembe.

Na nakubaliana na aliyesema mita ya katikati ibaki. Kwa mpango huu inabaki bila kuguswa.

Mjukuu_wa_Karani aliandika:

Nimewasoma nyote mara mbili, na ninawashukuru kutoka moyoni. Dada, nilikwenda jana jioni na kadibodi kama ulivyoelekeza. Nilikuwa na hakika kwamba kasha likae juu kabisa, lakini nilipoketi nikaona mkono wa usukani unaifunika geji ya mafuta yote. Nililishusha sentimita 3 na kila kitu kikaonekana. Mke wangu ameketi, naye anaona. Kwa hiyo dashibodi ya Corolla haitakatwa, wala chuma cha Morris.

Fundi umeme, betri niliikagua: hasi iko kwenye bodi, alternita inachaji. Ila nina swali ambalo bado halijaguswa. Ekseli ya nyuma ni ya Morris, na magurudumu ni yake ya inchi 14, wakati Corolla ilitoka na ya inchi 13. Je, spidomita ya Corolla itasema ukweli?

Mzee_wa_Raskazone aliandika:

Marahaba kijana wangu, na salamu kwa wote waliotangulia. Nimekaa na magari tangu ujana wangu, na nimefurahi kuona mnajadiliana kwa adabu na kwa vipimo.

Hao Wamarekani uliowataja walizipenda sana Ford za mwaka 1932, zile za kwanza za V8 ya bei nafuu, na wengi wao walitoa dashibodi ya Ford ya 1940 na kuiweka katika bodi ya 1932 kwa sababu waliona inapendeza zaidi. Nao walikumbana na tatizo la aina ya hili lako la betri, kwa kuwa Ford za kwao zilikuwa za volti 6 na chanya kwenye bodi hadi zilipohamia volti 12 na hasi kwenye bodi mwaka 1956. Haya unayopitia ni njia iliyokwisha kukanyagwa.

Kuhusu spidomita: kebo huendeshwa na gia boksi, na gia boksi halijui ekseli gani imefungwa nyuma yake wala gurudumu lina ukubwa gani. Mita za kebo za Kijapani zimetengenezwa kwa kipimo kimoja, kwamba kebo ikizunguka mara 637 kwa kilomita, mshale unasema kweli. Kwa mita 100, hiyo ni mizunguko 63.7. Hivyo huna haja ya kukisia. Funga kebo kwenye gia boksi, ncha yake ya juu iache huru ndani ya gari, na juu ya uzi wa ndani bandika kipande kidogo cha utepe kama bendera. Pima mita 100 kwa utepe wa mafundi ujenzi kwenye barabara iliyonyooka, weka gia huru, vijana wawili wasukume polepole, na wewe uhesabu bendera inazunguka mara ngapi. Ikizidi 63.7, mita yako itasoma juu kuliko mwendo wa kweli. Ikipungua, itasoma chini, na hiyo ndiyo ya hatari.

Na usisahau kwamba injini iliyobadilishwa hubadilishwa pia katika kadi ya gari, kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Namba ya injini isiyolingana na kadi itakusumbua siku ya ukaguzi au ya kuuza.

Mjukuu_wa_Karani aliandika:

Mzee, tumefanya leo asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Tulirudia mara tatu: mara mbili tulipata mizunguko 67, na mara moja 67 na robo hivi. Nikigawanya kwa 63.7 ninapata kwamba mita itazidisha kwa asilimia 5, yaani nikiwa 80 ya kweli itaniambia 84.

Mzee_wa_Raskazone aliandika:

Umehesabu vizuri. Asilimia 5 kwenda juu haikudhuru kitu, unaweza kuiacha. Ukitaka iwe sawasawa, pale kebo inapoingia kwenye gia boksi kuna gia ndogo ya plastiki inayotoka pamoja na kishikio chake kwa bolti moja. Itoe, uhesabu meno. Ikiwa yako ina meno 20, tafuta yenye 21 kwa wauza vipuri vya Toyota vilivyotumika. 67 mara 20, gawanya kwa 21, utapata 63.8. Unapoirudisha weka sili mpya ya mpira, la sivyo oili ya gia itapanda na kebo hadi kwenye lile kasha ulilolisafisha kwa kifutio.